Miaka Mitatu ya Kuonja Maharagi ya Wengine

Nimestaafu. Nina miaka kumi na nane, na nilipolitamka neno hilo jikoni Mama Fura, mpishi wetu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kustaafu? Weye? Hata meno ya utoto hayijaisha!" Acheke. Nilifanya kazi, kazi imekwisha, na sirudi; kama kuna neno jingine la jambo hilo, anipe. Anayestaafu ofisini anapewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi sikupewa chochote. Basi hotuba ninajitolea mwenyewe, na kwa maandishi, maana kwa mdomo siwezi: watu zaidi ya wawili wakiniangalia, sauti inashuka inajificha tumboni. Na tumbo langu, kama utakavyoona, lina mambo yake.

Ninawaandikia wasichana watakaofanya kazi kwa Tantini Masika baada yangu, na wa kwanza ni weye, Katungu, mdogo wangu, uliyefika juzi kutoka Butembo na sanduku lako. Tantini atakuambia kazi ni nyepesi. Mshahara siutaji, maana haukuwepo. Alinilipia shule, basi. Vyeo pia sivitaji: niliingia muonjaji, nimetoka muonjaji. Nina hasira. Ninasema mapema, usije ukafikiri kalamu imeteleza.

Tantini Masika ni dada mkubwa wa baba, unamjua. Malewa yake, yaani ule mgahawa wake wa meza nne, iko hapa Bunia, mtaa wa Mbunya, kando ya barabara. Mbele kuna benchi na turubai. Nyuma kuna uwanja usio na ua, na hapo masufuria yanakaa juu ya babula, yale majiko ya makaa, toka asubuhi, na watu wa mtaa wanapita katikati yake wakienda kuchota maji. Yashike hayo maneno: uwanja hauna ua.

Nilipoanza, walisema vita imekwisha. Imekwisha maana yake magari meupe ya Umoja wa Mataifa yalipita asubuhi na jioni, watu walirudi sokoni, waliuziana samaki na makaa, walisalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto. Lakini kula chakula kilichopita kwenye mkono wa mwingine, hapo hapana. Kila mtu alijua hadithi ya mtu aliyekula kwa jirani na asiamke. Ni ngapi zilikuwa za kweli, sijui. Kwetu anayekumiminia kinywaji anaanza kunywa yeye. Ni heshima ya zamani. Tantini aliichukua heshima hiyo akaifanya biashara. Sisi ni watu wa Butembo, si wa upande huu wala ule, kwa hiyo pande zote mbili zingeweza kukaa kwetu, kama mtu angeonja mbele yao. Na mtu huyo alikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilitoka shule saa ya mchana, na sare yangu bado mwilini. Tantini alinipa kijiko cha bati chenye mkia uliopinda. "Hii ni yako," akasema. "Usikule nayo chakula yako. Ni ya kazi." Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, peke yake, kama ufunguo.

Mafundisho yote nilipewa na Mama Fura. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono isiyosikia moto. Alinikalisha kwenye kigoda akanionyesha kama mwalimu wa mazoezi.

"Chota bajaze macho. Kijiko ya nusu banasema unaogopa. Haya, kula. Tafuna. Sasa meza pole pole, baone koo inatembea."

Nikameza.

"Haikutembea vizuri. Inua kidevu. Weye ni kuku? Tena!"

Nikameza tena.

"Njo vile. Kisha usipanguse kinywa mbio. Na usikimbie mu jikoni, juu batasema unaenda kutapika. Simama palepale. Angalia chini, kama vile uko na haya."

"Niko na haya kweli, Mama Fura."

"Vizuri sana! Mungu alikuumba juu ya hii kazi."

Kuonja si kijiko kimoja. Maharagi yetu yalipikwa na vitunguu vingi na mafuta ya mawese, na yalikuwa matamu, sikatai. Watu walitoka mpaka mtaa wa Saio kuyafuata. Lakini chungu kilikuwa kimoja na meza nne, na meza ya ukutani haikuamini kuonja kwa meza ya mlangoni. Kwenye meza ya ukutani alikaa Muzee Jérôme, muuza makaa, ambaye nyumba yake ya kwanza ilibaki majivu kule upande wa Djugu. Kwenye meza ya mlangoni alikaa Papa Déo, anayeleta samaki wa ziwani kutoka Kasenyi, ambaye ndugu zake wawili hawakurudi. Majina ya makabila yao siandiki. Unayajua, na ukikaa hapa wiki moja utayachoka. Walisalimiana kila siku: "Muzee, bonjour." "Bonjour, Papa Déo, samaki inaendelea?" Halafu kila mmoja aliangalia ukuta wake.

"Aonje tena," alisema Muzee Jérôme siku ile ya kwanza. "Ile alionja ilikuwa ya ule mutu."

"Chungu ni moja, Muzee," akasema Tantini.

"Chungu moja, sahani mbili. Mu njia kunakuwaka mambo."

Nikaonja sahani yake. Papa Déo akageuka kutoka mlangoni: "Na miye je? Yangu alionja mbele ya yake. Sasa ya mwisho njo ya kweli? Mi ni mutoto ya mbuzi?"

Nikarudi kuonja ya Papa Déo. Watu walicheka, hata wao wawili walicheka kidogo, na Tantini alicheka kuliko wote. Ndivyo ikawa desturi: kila sahani, kila mtu, mbele ya macho yake. Mchana mmoja nilimeza maharagi, sombe ya majani ya muhogo, maziwa ya kuganda, na uji kwa wale wasio na meno. Sikuwa na haja ya kula nyumbani. Tantini aliona hiyo ni faida.

Jambo moja nililiona mapema na sikulifikiria: Tantini mwenyewe hakula chakula cha malewa. Alikuja na kasufuria kake kutoka nyumbani, kamefunikwa, kamefungwa kitambaa fundo mbili, na alikula akiwa amesimama, mgongo kwenye ukuta. "Chakula ya kupikia batu haininogei," alisema. Nilidhani ni maringo.

Tumbo lilianza kabla mwaka haujaisha. Nitaandika wazi kwa sababu weye ni msichana na hakuna aliyeniambia wazi. Lilijaa hewa mpaka sare ikanibana. Likanikata chini ya kitovu, nikikimbia chooni maumivu yanapoa, nikirudi darasani yanarudi. Siku nyingine nilihara, halafu siku kadhaa hakitoki kitu kabisa. Nilijamba. Ndiyo, nimeandika. Choo cha wasichana shuleni hakina mlango, kuna gunia tu, na ukiwa na haya kama mimi gunia si kitu. Nilijifunza kukaa benchi ya nyuma, karibu na dirisha, na kukohoa kwa wakati wake.

Kisha kila mtu akawa daktari. Zahanati ya mtaa ilisema tifoidi, bila hata kunilaza kitandani na kunishika tumbo. Nikameza dawa. Tumbo likarudi, wakasema tifoidi imerudi. Nimetibiwa tifoidi mimi kuliko watu wote waliowahi kuwa na tifoidi katika Bunia. Wakaja na dawa ya minyoo. Jirani akaniangalia tumbo lililovimba akamwambia Tantini kwa sauti ya kunong'ona inayosikika barabarani: "Iko na mimba." Tantini alinivuta sikio mpaka nikaapa kwa Biblia. Mwishowe wakanipeleka kwa pasta, akasema nifunge na kuomba. Nilifunga, maji tu na uji mwepesi wa mchele jioni, na kazini sikwenda. Tumbo likatulia kama mtoto aliyeshiba. Kanisa likapiga makofi: pepo ametoka! Nikarudi kazini, nikaonja maharagi ya meza nne, na jioni yake pepo alikuwa amerudi na ndugu zake. Pasta akasema imani yangu ni ndogo. Hakuna, hata mmoja, aliyeuliza: mtoto huyu anakula nini?

Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza. Nyingine zinakuja.

Maumivu yalizidi siku za habari mbaya. Mchana mmoja ilisikika kwamba gari limesimamishwa na watu wenye silaha kwenye njia ya Djugu, na watu hawakufika. Malewa ilijaa kama kawaida, lakini hakuna aliyesema "bonjour." Muzee Jérôme aliangalia ukuta wake, Papa Déo barabara yake. Niliposhika kijiko, vijiko vingine vyote vilisimama. Niliona meza nzima ikitazama koo langu. Nikameza, na kabla maharagi hayajafika tumboni, tumbo lilikuwa limeshajikunja. Nilisimama palepale kama nilivyofundishwa, nikatazama chini, jasho likinitoka, huku nikibana. Papa Déo akasema, "Iko sawa, lete," wakala. Niliwaza: wanakula amani, na mimi ndiye ninayeihara.

Mwaka wa sita wa sekondari, ule wa mwisho, nilipata sababu ya kuogopa kweli. Unajua egzetat, mtihani wa taifa. Bila ile diploma hakuna chuo, na bila chuo mimi ni wa kijiko mpaka nizeeke. Tulifanya mtihani wa majaribio kwanza, katika ukumbi uleule, kwa masharti yaleyale: ukitoka, umetoka. Jana yake malewa ilikuwa imejaa. Katikati ya swali la kemia tumbo likakata. Nilivumilia mpaka nikaona herufi zinaogelea. Nikasimama, nikamwomba msimamizi.

"Unaenda wapi?"

"Choo, mwalimu."

"Kavira, masharti unayajua. Utakaa, ao utatoka."

Darasa zima likageuka. Nilitoka. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa, na karatasi yangu ilikuwa imekwisha kukusanywa. Nilikaa kwenye ngazi nikajua kwamba egzetat itakwisha hivihivi. Si kwa kutojua. Kwa choo.

Siku hiyo nilikwenda mwenyewe, bila kumwambia mtu, kwenye kituo cha afya karibu na nyumbani. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mafua, aliyechoka, mkali kidogo. Aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Kuna damu chooni? Hapana. Umekonda? Homa? Maumivu yanakuamsha usingizini? Hapana, hapana, hapana. Angesikia "ndiyo" moja, alisema, angenituma mbali zaidi. Alinishika tumbo, akachukua damu na choo. Majibu yalikuwa safi: hakuna amiba, hakuna minyoo, hakuna hiyo tifoidi.

"Basi ni ya kichwa?" nikauliza. Nilikuwa karibu kulia. Mtu anaweza kulia kwa kuambiwa ni mzima.

"Nani alikuambia ni ya kichwa? Maumivu ni ya kweli. Utumbo wako, ukiuangalia, hauna kidonda. Lakini unasikia kupita kiasi, na mwendo wake umevurugika. Kwa Kifaransa tunasema côlon irritable. Utumbo wenye hasira."

Nilimpenda saa ileile.

Akanichorea bomba kwenye kipande cha boksi la dawa. Maharagi, alisema, yana sukari za aina fulani ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzivunja, wangu wala wake. Zinashuka nzima mpaka utumbo mpana, vijidudu vya huko vinazila, vinatoa hewa, na hewa na maji vinavuta utumbo. Kitunguu kina mambo hayohayo. Ngano ya mandazi pia, kwa kiasi chake. Maziwa, wengi wetu tukikua hatuwezi kuyameng'enya vizuri. Kwa mtu mwingine hewa hiyo inatoka, watu wanacheka, imekwisha. Kwangu utumbo unaisikia kama kisu. Na woga unaongeza, kwa sababu kichwa na utumbo vina mishipa yao ya kuongea.

"Kwa siku unakula maharagi kiasi gani?"

Nikamweleza kazi yangu. Aliacha kupenga kamasi.

"Sahani zote?"

"Zote."

"Acha," akasema. Hakujua neno hilo lina uzito gani Mbunya.

Bahati ilikuja na msiba. Tantini alikwenda Butembo kumzika mjomba wake, malewa ikafungwa wiki kadhaa, nikapata kujaribu. Nilikula wali, viazi vya kuchemsha, samaki wa ziwani, mayai, karoti, lengalenga, yaani mchicha, iliyopikwa kwa karanga bila kitunguu. Niliacha maharagi, vitunguu, maziwa, mandazi, na maembe, ambayo niliyalilia. Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikaanza kumtukana daktari moyoni. Wiki ya pili niliketi kanisani ibada nzima. Labda weye unaona si kitu. Mimi nilitoka nje ya kanisa nikitembea kama bibi arusi.

Halafu, kama alivyosema, nilirudisha kimoja kimoja, maana si adhabu ya maisha na mwili unataka vyakula vingi. Maziwa kidogo kwenye chai: sawa. Andazi moja: sawa, mawili hapana. Kitunguu kidogo: tunavumiliana. Maharagi: kijiko kimoja kilipita. Bakuli halikupita. Sikiliza hapo, Katungu, usije ukaanza kuogopa kila chakula, na usiige orodha yangu. Tumbo lako ni lako. Yangu yalikuwa maharagi, na yalikuwa kiasi, na ulikuwa woga. Na vyote vitatu viliitwa kazi.

Tantini aliporudi nilimwambia jikoni, mbele ya Mama Fura. Nilikuwa nimejizoeza maneno tangu asubuhi.

"Tantini, docta anakataza nionje maharagi. Mpaka nimalize egzetat."

"Docta gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa anafungua kasufuria kake.

"Kavira, unataka kunifunga mulango? Batasema nini? Mutoto ya nyumba anakataa chakula ya nyumba! Hapa Bunia! Unajua maana yake?"

"Mi niko mugonjwa, Tantini."

"Nani hayiko mugonjwa? Basi jifanye. Chota kidogo, peleka mu kinywa, tafuna hewa. Nani ataona?"

Muzee Jérôme ndiye aliyeona. Miaka mitatu alikuwa hatazami kingine. Niliinua kijiko kitupu, nikatafuna hewa, nikainua kidevu.

"Koo haikutembea," akasema, polepole.

Hakuna aliyeinua sauti. Papa Déo aliisukuma sahani yake mbele kwa kidole kimoja. Mtu wa tatu akasimama, akavaa kofia. Benchi likawa tupu kama wakati mvua inapokuja. Na Tantini yangu, mwenye wazo lenyewe, alisimama katikati ya turubai akapaza sauti ili barabara isikie: "Huyu mutoto iko na kiburi! Nilimuambia aonje, anakataa! Sijui nani amemupanga!"

Nani amemupanga. Maneno hayo, mjini kwetu, wakati ule. Nilikimbia, na safari hii si chooni.

Wiki iliyofuata masufuria yalirudi jikoni yamejaa. Mtaani walianza kusema maharagi ya Masika yana kitu. Tantini hakunipiga. Alifanya mabaya zaidi: alikwenda mwenyewe kuwaalika Muzee Jérôme na Papa Déo, na wengine wote, waje Jumamosi wanione nikila sahani nzima, mpaka mwisho, wanihesabie meno wakitaka. Egzetat ilikuwa inaanza Jumatatu.

"Sahani nzima siwezi," nikamwambia. "Tantini, Jumatatu nitatolewa nje tena."

"Ukikataa, kesho yake hakuna malewa. Na mwenye kulipa shule ni nani? Kula, utalala, Jumatatu Mungu atasaidia."

Jumamosi mchana walijaa. Hata waliokuwa hawajawahi kula kwetu walisimama barabarani. Mama Fura alileta sahani, hakuniangalia. Yalikuwa yananukia vizuri. Hilo nalo lilinikasirisha. Nikashika kijiko. Macho yote kwenye koo langu. Tumbo likajikunja, na hapo, Katungu, sijui niseme nini, hasira ilifika kabla ya haya. Kwa mara ya kwanza maishani ilifika kabla.

"Mi naharisha," nikasema.

Mtu barabarani akacheka.

"Cheka! Miaka mitatu naharisha. Hii maharagi hayina sumu, munayikula toka zamani, mumenenepa! Tumbo yangu njo hayiyipendi. Nikikula hii sahani, Jumatatu nitatolewa mu egzetat, nitarudi hapa, munitazame koo mpaka nizeeke. Muzee Jérôme, unaogopa Papa Déo. Papa Déo, unaogopa Muzee Jérôme. Mutu moja tu hamumuogope, na huyo njo munamupa kijiko!"

Sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba na inatetemeka, lakini ilifika mpaka kwenye benchi la mwisho. Nikakiweka kijiko mezani.

Papa Déo alijikuna shingo. "Sasa mutoto, iko na tumbo, si angesema?"

"Alisema," akasema Mama Fura kutoka mlangoni. "Alimuambia mwenye nyumba."

Hapo Muzee Jérôme akakisukuma kijiko, polepole, juu ya meza, mpaka upande wa Tantini.

"Basi, Mama Masika. Kula weye."

"Mimi?" Tantini akacheka kidogo. "Mi nishakula."

"Kidogo tu. Koo itembee."

"Mi njo nimepika, mi nitakula," akasema Mama Fura, akanyoosha mkono.

"Hapana. Mwenye nyumba."

Tantini aliangalia sahani. Kisha akaangalia nyuma, uwanjani, kule masufuria yalikokaa toka asubuhi na watu wakipita na madumu yao. Alikaa chini. Alichota. Alikirudisha kijiko sahanini mara mbili, na haragi moja likadondoka kwenye kitenge. Nilidhani ni aibu. Alitafuna muda mrefu kuliko mtu asiye na meno. Kisha koo likatembea.

Muzee Jérôme akavuta sahani nyingine akaanza kula. Papa Déo naye. Ikawa imekwisha, hivyo tu, kama mlango ambao kumbe haukuwa na kufuli. Miaka mitatu. Tifoidi zote zile, pasta, gunia la choo, ngazi za shule. Kijiko kimoja cha mwenye nyumba kilitosha.

Walipoondoka nilimkuta jikoni anasukutua kinywa, anatema, anasukutua tena. Nikamwuliza kwa upole, maana hasira ilikuwa imechoka na mimi pia.

"Tantini, sababu gani hukuonjaka weye mwenyewe?"

Hakugeuka. Alinijibu kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

"Uwanja hauna ua, Kavira. Mutu yoyote anaweza pita. Na miye niko na batoto."

Mama Fura aliacha kukoroga. Nilikitazama kile kisufuria kilichofungwa fundo mbili, na nikakielewa.

Jumatatu asubuhi nilikula wali na yai, nikanywa chai kavu. Nilikaa ukumbini mpaka msimamizi akasema tuweke kalamu chini. Tumbo lilinguruma mara moja, nikaliacha lingurume. Siku zote za mtihani nilikaa hivyo. Matokeo yakitangazwa redioni utayasikia na weye. Lakini nilikaa, hilo hakuna wa kunipokonya.

Sasa weye umefika, na kijiko kimerudi kwenye msumari, kwa sababu Tantini alionja wiki moja tu, kisha akaandika barua Butembo kukuita. Labda tumbo lako ni zima kuliko langu. Labda utakula maharagi ya meza zote na kuimba. Bado ninakuandikia, kwa sababu uwanja bado hauna ua. Akikupa kijiko, kipokee kwa mikono miwili, maana ni dada ya baba na amekulisha. Chota kijae. Halafu geuka, mbele ya watu wote, umrudishie, useme: "Anza, Tantini."